Baba Hakuweka Wakfu Mafuta

Watu huachiwa na wazazi wao visima vya wakfu, misikiti ya wakfu, mashamba ya minazi ambayo mavuno yake hulishwa mayatima. Mimi niliachiwa pikapu. Na si kwamba nilirithishwa, hapana. Ningerithishwa ningeiuza kabla matanga hayajaanuliwa, na leo ningekuwa mtu mwenye mwili wake na akili zake. Baba aliiweka wakfu. Alisimama msikitini kwetu Mwera baada ya sala ya Ijumaa, mzima wa afya, kanzu imepigwa pasi mpaka mikono inasimama, akasema mbele ya watu kwamba gari lake amelitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Libebe wagonjwa, maiti na wenye shida. Haliuzwi, halirithiwi, halitolewi zawadi. Na msimamizi wake ni mwanawe wa pili. Mwanawe wa pili ni mimi, na wakati huo nilikuwa mlangoni natafuta ndara zangu.

Shekhe aliuliza swali moja tu. Alisema, "Na mafuta yake, bwana?"

Baba akajibu, "Mafuta Mungu ataleta."

Watu wakaitikia amina, kwa sauti, tena kwa furaha. Nimeishi na ile amina miaka yote hii na sijaisamehe. Maana wazee wetu waliotoa wakfu walikuwa na akili zao. Mtu akijenga msikiti, anauwekea na minazi pembeni, ili nazi zinunue mikeka na taa na kamba ya kisima. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote, babu yake mwenyewe alifanya hivyo. Lakini siku ile tanki lilikuwa limejaa, gari limeoshwa linang'aa, na yeye akaliona kama kisima. Akasahau kuwa dizeli inakwisha na chuma kinachoka. Alilitoa gari, hakutoa hata mnazi mmoja wa kulilisha.

Mwaka uliofuata alifariki, na kazi yangu ikaanza.

Niseme kwanza kwamba wakati wa uhai wake pikapu ile ilikuwa na sifa. Ya Kijapani, ya dizeli, bodi ya chuma kile kizito ambacho siku hizi hawatengenezi, na baba alikuwa akitamba kuwa haili mafuta na haijawahi kumlaza njiani. Ningeshangaa kama ingemlaza. Baba alikuwa anakwenda nayo mpaka kwenye kivuko na kurudi, mwendo wa bibi harusi, na ikifika nyumbani inafunikwa turubai. Gari la namna hiyo hata likiwa la udongo litadumu. Yule aliyekuja kujua ubovu wake ni mimi, niliyeipokea ikiwa ya umma.

Wagonjwa na maiti sikuwa na neno nao. Hao wana mpaka. Walionitoa roho ni "wenye shida". Nionyesheni mtu wa Mwera asiye na shida! Alikuja mtu na mbuzi wake anaumwa tumbo. Alikuja mama anapeleka kitanda cha mwanawe anayeolewa, na kabati lake, na shangazi zake. Ilikuja timu nzima ya mpira, wachezaji na mashabiki, wanakwenda kufungwa Pangani. Nikisema jamani changieni basi mafuta, mtu ananitazama kama nimemtukana.

"Si la wakfu hili?"

"La wakfu, ndiyo, lakini linakunywa dizeli."

"Ah, nyinyi Waarabu bwana. Shamba lote lile!"

Wanatuita Waarabu. Uarabuni mimi sipajui, wala baba hakupajua, tuna jina tu na mashamba yaliyozeeka. Na nikishikilia sana suala la nauli, kuna neno linatolewa polepole, la chini kwa chini: huyu anataka kula wakfu. Mtu wa pwani akisikia anaambiwa hivyo, mkono wenyewe unarudi mfukoni. Mla wakfu amekula moto. Basi nilikuwa nawapakia.

Sasa mafuta. Mshale wa mafuta ulikufa mapema, nikawa napima tanki kwa kijiti cha mwarobaini, nakichovya, natazama kimelowa mpaka wapi, nakisoma kama mganga anavyosoma ramli. Kila mwaka kilikuwa kinalowa chini zaidi kwa safari ileile. Halafu stata ikachoka. Ukizima gari, kuliwasha tena ni kusukuma. Nyumbani unasukuma, sokoni unapata watu, lakini kule kwenye kivuko utasukuma juu ya maji? Kwa hiyo nikifika mtoni nalikuta pantoni liko ng'ambo, nabaki nimekaa, injini inaunguruma, moshi mweusi unawapiga wauza korosho, na mimi nasikiliza nazi zangu zinaungua. Ndivyo nilivyokuwa nikihesabu: kwa nazi. Safari ya Tanga ilikuwa inameza nazi za mnazi mmoja kwa msimu mzima, na minazi yenyewe ilishaanza kuzaa kwa kujilazimisha. Kwenye mteremko nilikuwa natia frii ili nipate hatua chache za bure, hata breki zilipokuwa hazieleweki. Mke wangu alisema nitawaua watu. Nilimwambia watu wenyewe wako nyuma wanaimba, hawana habari.

Ungeniuliza kwa nini sikuiachia tu ife, ikaoza pale chini ya banda, nikawaambia watu wakfu umekwisha. Jibu ni mama.

Mama aliamini, na si yeye peke yake, kwamba kila safari ya gari lile baba anaandikiwa thawabu kule aliko. Ndiyo maana ya wakfu. Mwili umelala, daftari bado liko wazi. Lakini wengine wanaliamini jambo hili kama wanavyoamini mvua itanyesha siku moja. Mama aliliamini kama mtu anayemwona mwenzake anakula. Gari likitoka na mgonjwa, alikuwa anasimama mlango wa uani na mwiko mkononi mpaka mlio upotee, kisha anaingia jikoni uso umekunjuka. Watu walidhani hana majonzi, mjane gani huyu anacheka. Hakuwa na wasiwasi na kaburi la mumewe kwa sababu gari lilikuwa linatembea. Lakini likilala kwa fundi siku mbili tatu, chakula hakimpiti. Anakaa kitandani, anahesabu tasbihi, anakuja kuniuliza taratibu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Mwanangu, bado tu?"

Basi mimi nilikuwa nalitengeneza gari ili mama ale. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni maneno.

Fundi wangu alikuwa Mbondei mmoja pale Pangani, mcheshi kupita kiasi. Nikifika tu anapaza sauti, "Shekhe msimamizi! Leo umeleta mgonjwa au mgonjwa ni wewe?" Alibadilisha nozeli, akabadilisha pampu, akabadilisha ringi, akaunga fremu kwa kipande cha reli ya zamani ya mashamba ya mkonge. Kilichobaki cha baba kwenye lile gari ni usukani na ile harufu ya udi iliyoingia kwenye kiti. Na kila kitu kipya kilichofungwa kilikuwa spea ya mkono wa pili iliyotoka kwenye gari lililokufa, kwa hiyo tulikuwa tunatibu maiti kwa viungo vya maiti. Nilimwambia hivyo fundi akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kisha ikatokea safari ya Kigombe.

Mzee mmoja wa kwetu alifia Tanga. Nikaenda na ndugu zake wawili kumchukua. Kule Mwera kaburi limeshachimbwa, wali umeshapikwa, mjane keshaingia ndani. Tulitoka Tanga adhuhuri na jeneza nyuma, nami nikaendesha kwa adabu zote. Kabla hatujafika Kigombe likaanza kuchemsha. Tukatia maji. Likatulia, likachemsha tena. Pale Kigombe penyewe, mbele ya nyumba za watu, gasketi ikapasuka, moshi mweupe ukatoka kote kote, na injini ikanyamaza. Nilijua hiyo si ya maji tena.

Tulisimamisha magari. Dereva akichungulia nyuma akaona jeneza, anasema pole sana ndugu zangu, anakanyaga mafuta. Nilimpigia simu kila ninayemjua mwenye gari. Gari la mtu wa palepale Kigombe lilikuwa limekwenda Muheza. Jua likawa linashuka, na wote tulijua kivuko hakitatungoja, na marehemu alikuwa ameshalala siku mbili, na joto lile mnalijua. Wazee wa Kigombe wakatoka msikitini, watu wazuri sana, sina la kuwalaumu, wakasema jamani maiti hacheleweshwi, huyu ni Mwislamu mwenzetu, tumsitiri hapa.

Ndugu zake wakaangaliana. Wakanitazama na mimi. Ingekuwa heri wangenitukana.

Tulimzika Kigombe, katikati ya watu asiowajua, kabla ya magharibi. Kule Mwera lile kaburi lililochimbwa halikuweza kuachwa wazi, maana kwetu kaburi likishachimbwa halirudishwi tupu. Wakakata mgomba, wakauzika. Mjane wake mpaka leo akitaka kumzuru mumewe inabidi avuke mto na apande basi, na pale karibu na nyumba yake kuna kaburi la mgomba. Nikipita namwamkia, "Shikamoo mama," ananiitikia marahaba vizuri kabisa. Natamani asingeitikia.

Baada ya hapo nilikwenda kwa shekhe, mwanafunzi wa yule aliyeuliza kuhusu mafuta, nikamwambia nimekoma. Nilimwambia wazi: gari hili limekuwa balaa. Akasoma vitabu vyake, akaniita, akasema wakfu manufaa yake yakifa inaruhusiwa kubadilishwa. Liuzwe, na thamani yake iingie kwenye gari jingine la kazi ileile, na wakfu unahama, unakaa kwenye lile jipya. Nililia, siwafichi. Nilitoka pale nimejifuta uso kwa kofia.

Mama hakutaka. Alisema, "Mnaliuza gari la marehemu?" akatupa mgongo. Alikuja kulainika pale shekhe mwenyewe alipokuja akakaa naye barazani, akamwelezea kuwa thawabu zinahama pamoja na wakfu, kama mtu anavyohama nyumba na vyombo vyake. Mama akauliza, "Hazipotei njiani?" Shekhe akasema hazipotei. Basi akaridhia. Mnunuzi alitoka Tanga, mtu wa bashasha, akalisukuma yeye mwenyewe na wenzake kulipandisha kwenye lori, na mimi nilivyokuwa na hamu ya kuliona linaondoka, sikumuuliza hata litakwenda kufanya kazi gani.

Niliuza na minazi, nikaongezea, tukapata pikapu nyingine. Yarabi, ile pikapu! Imetoka bandarini Dar, viti bado vina nailoni, ina kiyoyozi. Na mafuta ilikuwa inanusa tu. Nilikwenda Tanga nikarudi, nikachovya kijiti changu kwa mazoea, kumbe tanki lenyewe halina nafasi ya kijiti, lina chujio, na mshale ndani hata haujasogea. Nikafika kivukoni nikazima. Mnaelewa? Nikazima gari, nikasikia maji na ndege na watu wanavyobishana, vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia pale tangu baba afariki. Mama alipakiwa mbele, akapapasa dashibodi, akasema, "Hili litamfikisha mbali baba yenu." Kwa miezi kadhaa mimi nilikuwa mtu. Nilinenepa kidogo.

Kisha ikawaka taa. Taa ya rangi ya chungwa, umbo la injini, kwenye dashibodi. Ndogo, hata haipigi kelele. Gari likaanza kutembea kinyonge, ukikanyaga halitaki, linakwenda kama limekatazwa. Nikampelekea Mbondei wangu. Alifunua boneti, akatazama, akaifunga taratibu.

"Hii mimi siigusi."

"Acha mzaha wako."

"Sina mzaha. Hii inataka kompyuta. Mimi nikiingiza bisibisi humu nitaiua."

Tanga wakaichomekea mashine yao, wakasoma, wakanieleza. Nozeli zimeliwa, na pampu imekwenda nazo. Imekunywa mafuta machafu. Na ni kweli. Kule kwetu dizeli tunanunua kwa vidumu, na kwenye vidumu muna maji, muna mchanga, muna mafuta ya taa wamechakachua. Lile gari la baba lilikuwa linakunywa yote hayo, linakohoa, linakwenda. Hili jipya lilikuwa na tumbo la mgonjwa wa vidonda. Hapo hapo ulipolinywesha kitu kisichochujwa lilianza kufa, na sisi tukilisifu kuwa halina njaa. Fundi akanitajia bei ya nozeli, nikadhani ananipa namba ya simu.

Nikalirudisha kinyonge nyumbani, nikaliweka bandani. Lipo mpaka leo. Kuku wanataga ndani ya bodi. Kuliuza siwezi, ni la wakfu, na kulibadilisha kwa lipi, nani atatoa chochote kwa gari lenye taa ile? Wagonjwa wakarudi kupanda bodaboda, wamefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva wasidondoke. Mama akaacha kusimama mlango wa uani. Hakunilaumu. Alikuwa ananiomba tu niliwashe, hata kama haliendi mahali, liungurume kidogo. Nilikuwa naliwasha. Lakini lile halina mlio, mtu wa jikoni halisikii, na macho yake mama yalikuwa yameshaingia ukungu, anaona mwanga na vivuli basi. Kwa hiyo nilikuwa namwambia, "Limewaka mama," naye anasema, "Haya."

Ni macho hayo yaliyotupeleka Tanga. Tulikwenda kwa basi, tukafikia kwa dada yangu aliyeolewa Usagara, mlemle mjini, ili mama akapimwe kesho yake. Baada ya alasiri tulikaa barazani, dada anamenya viazi vya mbatata, mama anakunywa chai bila sukari kwa sababu ya kisukari chake, mimi nachezea simu. Ng'ambo ya barabara kuna baa, na dada alishaomba radhi kwa hilo mara nyingi, kwamba walipohamia haikuwepo.

Mama akaweka kikombe chini. "Hilo letu."

Nami nilikuwa nimeshasikia. Ule mlio ningeusikia hata nikiwa nimekufa. Pikapu ilikata kona, imepakwa rangi ya buluu, imeongezwa mbao pembeni, ikasimama mbele ya baa, na dereva akazima. Akashuka, akapokea kitu kwa mtu, akarudi akawasha kwa ufunguo. Mara moja tu! Akaisogeza vizuri, akazima tena. Injini ilikuwa safi, haitoi hata moshi. Nyuma ilikuwa imebeba makreti ya bia, yamepangwa mpaka juu.

"Ndilo, silo?" mama akauliza. Uso wake ulikuwa umekunjuka vile sijauona muda mrefu.

"Ndilo, mama."

"Linafanya kazi?"

"Linafanya."

"Alhamdulillahi. Limebeba nini? Nasikia chupa."

"Soda, mama."

Akatabasamu. Akasema hata soda ni riziki ya mtu, na watoto wanapenda. Nilitaka dada akae kimya, nikamkonyeza, na labda angekaa. Lakini mtu mmoja pale baa aliinuka kitini, akapiga makofi, akapiga ukelele barabara nzima isikie: "Wakfu imefika! Wakfu hiyoo! Haya leteni barafu, bia hizo za moto!" Na wenzake wakaitikia kwa vifijo.

Mama akageuza kichwa. "Wanaliitaje?"

Na dada yangu, Mungu amsamehe, ni mtu ambaye kimya kinamwasha. Akaeleza. Kwamba mwenye gari aliwasimulia alikolinunua, anajisifu kuwa gari lake lina baraka, lilikuwa wakfu, ndiyo maana haliharibiki. Basi jina likashika. Walevi wote wa Usagara wanalijua kwa jina hilo.

"Linakuja kila siku?"

"Asubuhi na jioni, mama. Halijawahi kukosa."

Nikaingilia. Nikasema, mama, lile si wakfu tena, liliuzwa kwa sheria, shekhe alikuja mwenyewe akakueleza, wakfu umehama, uko nyumbani kwenye lile jipya.

"Lile jipya wanaliitaje?"

Lile jipya hakuna anayeliita. Watoto wanaliita banda la kuku.

"Na hili wanaliita Wakfu," mama akasema. "Basi haujahama."

Chai hakuimaliza. Kesho yake hospitali walimpima wakasema mambo mengi, hakuuliza hata moja. Tuliporudi Mwera akaanza kufunga. Mwanzo Jumatatu na Alhamisi, tukasema ni sunna, haya. Kisha siku zote. Nilimwambia mama una kisukari, daktari amekukataza. Akasema daktari hajui linalomfika baba yenu. Akanieleza kwa upole, kama anafundisha mtoto: kama safari ya mgonjwa ilikuwa inamfikia, basi na kreti linamfikia, asubuhi moja na jioni moja, na yeye hana kingine cha kuweka upande wa pili wa mizani isipokuwa tumbo lake. Nikamwita shekhe. Shekhe akaja, akaleta aya, akaleta hadithi, akasema dhambi ya mnywaji haimgusi marehemu hata chembe. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante shekhe," akamtengea tende na kahawa, na yeye mwenyewe hakugusa.

Nilikwenda kwa mwenye gari. Nilimwomba abadilishe jina tu, sikuomba kingine. Aliniheshimu, alinipa kiti. Akasema kaka, jina lenyewe ndilo linanipa kazi, baa tatu zimenichukua kwa sababu wanajua halichelewi. Nikamuuliza anataka nini aniuzie. Akanitazama kwa huruma, na nadhani alikuwa anaujua uwezo wangu kuliko mimi. Nilirudi na basi. Nina hasira na baba, niseme ukweli, nina hasira na mtu aliyekufa akifikiri ametuachia kheri. Na kwenye sujudu, badala ya kumwombea yeye, najikuta naomba ringi zikatike, naomba gasketi ipasuke, naomba injini ya watu ifie barabarani.

Wiki iliyopita nilikutana na Mbondei pale kivukoni. Akanikumbatia. Akasema alikuwa Tanga, akaona ile pikapu yetu ya zamani, akaifunua boneti kwa hamu yake mwenyewe. Wamefunga injini nzima ya aina ileile kutoka nje, akasema, imepata mtu, wanamwaga oili kwa wakati, wanachuja mafuta. Alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya fundi. "Ile miaka kumi mbele haiguswi na fundi, shekhe msimamizi. Inshallah itatuzika sote."

Nikafika nyumbani magharibi haijaadhiniwa. Mama alikuwa amekaa barazani, ameegemea ukuta, midomo imekauka, mikono imekonda mpaka bangili imepanda juu ya kiwiko. Akauliza nani huyo. Nikamwambia ni mimi. Akauliza kuna habari gani huko. Nikamwambia fundi anakusalimu, mama, hakuna jingine.